Umeme unaisha mbio, bili imepanda: tuanzie wapi kutafuta

Mdogo wangu wa kike anaishi Uingereza na mimi ni fundi umeme hapa Unguja, kazi zangu nyingi ziko Fuoni, Mwanakwerekwe na upande wa Bububu, basi umeme ukimsumbua yeye ananipigia mimi kama vile nikipanda baskeli hapa nafika kwake. Mara hii kahamia mpango wa bei inayobadilika, ule ambao kila nusu saa ina bei yake, kaambiwa utampunguzia, na mwezi wa kwanza tu bili ikapanda. Na huku nyumbani kila siku nasikia "fundi, tukuza yangu inakula umeme", yaani ule umeme wetu wa kulipia kabla. Nimekaa nikaona maradhi ni yale yale mawili matatu ila dalili ndo tofauti, kwa hiyo naziandika zote hapa, za kwao na za kwetu, kila mtu atafute yake.

Kwanza hili lieleweke. Mita ya nyumbani huku kwetu haitazami saa. Uniti ya saa nane usiku na uniti ya saa moja jioni ni bei moja, kwa hiyo wewe unaeamka usiku kupiga pasi kwa sababu umeona video mtu anasema usiku umeme rahisi, rudi ukalale, yule wa kwenye video hayuko Zanzibar. Kuna faida ya kuangalia saa hata huku, nitaifika, lakini sio ya bei.

DALILI: nimehamia bei ya kila nusu saa na bili imepanda

Hii ni ya ndugu zetu walioko Uingereza. Mpango wenyewe unakwenda hivi: bei za kesho zinatoka leo jioni, zinafata soko la jumla la umeme, na kila nusu saa ina namba yake. Kwa kawaida ghali kabisa ni kuanzia saa kumi jioni mpaka saa moja usiku, watu wanarudi makazini, majiko yote yanawaka pamoja. Rahisi ni usiku wa manane, na siku za upepo mkali inashuka hata chini ya sifuri, yaani unalipwa wewe kwa kutumia. Ukisikia hivo unaona raha, lakini masaa matatu yale ya jioni yanaweza kukumalizia faida yote ya usiku.

Nikamwambia mdogo wangu nitumie picha ya grafu kwenye ile app yako. Kaituma, naona mlima mmoja kila siku, siku zote saba, unaanza saa kumi na robo jioni. Nikamuuliza nani yuko nyumbani saa hizo, akasema mama tu.

Mama alikuwa kaenda kumtembelea, kakaa miezi mitatu. Na mdogo wangu alikuwa kamwachia sauti kwenye wasap kabla hajaenda kazini: "Mama, usiwashe oveni wala mashine ya kufulia baina ya saa nne na saa saba, hapo ndo umeme ghali." Keshakaa sana kule, saa anaisoma kama ilivyo kwenye simu, ikionesha nne ni nne. Kwa mama saa nne ni saa nne asubuhi, wakati wa chai ya pili. Akatii maskini, saa nne mpaka saa saba mchana hagusi swichi, hata chai anaichemsha mapema anaitia kwenye chupa, alafu ikifika saa kumi jioni anawasha oveni, mashine ya kufulia na ya kukaushia nguo, vyote kwa pamoja, kwa bidii ya mtu anaemsaidia mwanawe. Mwezi mzima.

Dawa yake haikuwa ya kifundi. Tulimwambia achore saa ya ukutani kwenye karatasi, ile sehemu ya saa kumi mpaka saa moja aipake wino mwekundu, aibandike juu ya oveni. Kama nyumbani kwako kuna mzee katoka huku, au hata mtoto aliekulia kule na bibi anaesoma saa kwa Kiswahili, angalia hili kwanza kabla hujailaumu kampuni.

Chanzo cha pili ni Ramadhani. Ile ya 2025 ilianza mwanzo wa mwezi wa 3, na London magharibi ilikuwa inaingia kama saa kumi na mbili kasorobo siku za mwanzo na kusogea mpaka karibu saa kumi na mbili na nusu mwishoni, yaani mfungo mzima futari imeangukia ndani ya zile saa tatu mbaya. Sambusa, katlesi, mkate wa kumimina, muhogo, kila kitu kinapikwa saa kumi na moja. Huwezi kuisogeza magharibi, lakini kupika unaweza: muhogo na maharage yachemshwe saa saba saa nane mchana, na kama mnaamka daku saa kumi usiku oveni iwake hapo, jioni iwe kupasha tu. Na mashine ya kufulia haifungi wala haifuturu, iende usiku.

Chanzo cha tatu ndicho kigumu kumeza, nacho ni kwamba huna cha kuhamisha. Kama jiko lenu la gesi, joto la nyumba la gesi, maji ya moto ya gesi, basi umeme wenu ni friji, taa, TV na intaneti. Friji huwezi kuiambia isubiri saa nane usiku. Mipango hii inawafaa wenye gari la umeme linalochajiwa usiku, au betri ya nyumbani, au tangi la maji ya moto la umeme, watu wenye mzigo mkubwa unaokubali kusubiri. Mtu wa fleti ya vyumba viwili mwenye friji na TV akiingia humo kajitia kwenye mchezo ambao kadi za kuchezea hana. Mimi nilimwambia mdogo wangu hesabu mwezi mmoja ni uniti ngapi kweli unaweza kuzitoa jioni ukazipeleka usiku. Alipata chache sana, mashine mbili zile na basi.

Na usisahau bei inayofata soko inaweza kupanda pamoja na soko. Februari 2021 kule Texas, Marekani, baridi kali ilipoangusha mitambo, bei ya soko la jumla ikapanda mpaka dola 9,000 kwa megawati-saa, yaani dola 9 uniti moja, na wateja waliokuwa wanauziwa kwa bei ya soko moja kwa moja wakapata bili za maelfu ya dola kwa siku chache. Kwa hiyo kabla hujasaini uliza: ina kikomo? Kikomo ni ngapi? Ukishajibiwa, piga hesabu ya siku moja mbaya kwa kikomo hicho uone kama unaiweza.

DALILI: nina ile ya usiku rahisi na sioni tofauti

Hii ni Economy 7, mpango wa zamani wa huko huko Uingereza, masaa saba ya usiku bei chini na masaa kumi na saba yaliyobaki bei juu. Watu wanaona ile bei ya usiku wanaishia hapo, hawatazami kuwa ya mchana imepandishwa kuliko ya kawaida.

Namba za mfano tu, sio za kampuni yoyote. Tuseme bei ya kawaida ni peni 25 uniti, ya mpango huu ni 30 mchana na 12 usiku, na nyumba inatumia uniti 300 kwa mwezi. Bei ya kawaida utalipa pauni 75. Kwenye mpango huu ukitumia uniti 40 tu usiku, utalipa pauni 4 na peni 80 za usiku na pauni 78 za mchana, jumla 82 na peni 80, umekula hasara karibu pauni 8. Ili zilingane tu unatakiwa upeleke uniti kama 84 usiku, na faida inaanza baada ya hapo. Chukua bei zako mwenyewe, fanya hesabu hii hii, dakika tano umemaliza.

Kama hesabu inakubali na bado huoni faida, tazama saa ya mita. Mita nyingi za zamani zinafata saa ya GMT mwaka mzima, hazijui habari ya Uingereza kusogeza saa mbele mwezi wa 3. Ikiwa saa rahisi zako ni kuanzia saa sita na nusu usiku mpaka saa moja na nusu asubuhi wakati wa baridi, basi wakati wa kiangazi kwa saa ya ukutani zinakuwa saa saba na nusu usiku mpaka saa mbili na nusu asubuhi. Wewe taima ya mashine umeiweka saa sita na nusu ile ile, maji yanapashwa moto yote kwa bei ya mchana, na mashine ya kufulia umeme mwingi ni huo wa kupasha maji. Kingine, kulikuwa na mita zilizokuwa zinapokea amri ya kubadilisha bei kwa mawimbi ya redio, na huduma hiyo imeanza kuzimwa kidogo kidogo tangu mwisho wa mwezi wa 6 2025. Kama mita yako ni hiyo na hujabadilishiwa, inaweza kubaki imeganda kwenye bei moja au kubadilisha saa zisizotakiwa, basi piga simu waje waibadilishe.

DALILI: mpango wangu unaitwa variable, mbona usiku haushuki?

Kwa sababu sio wa saa. Uingereza neno hilo kwenye bili ya kawaida lina maana bei inabadilika baada ya miezi, inafata kikomo kinachotangazwa na Ofgem, wasimamizi wa soko la umeme na gesi kule, kila miezi mitatu, Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kutwa na kucha ni bei moja. Na kikomo chenyewe ni cha bei ya uniti na ya ada ya siku, sio cha bili nzima, ukitumia sana utalipa sana. Tazama pia herufi E pembeni ya usomaji wa mita, maana yake wamekisia hawajasoma, na mpango wa nusu saa hauwezi kwenda sawa kama smati mita haipeleki taarifa. Na kile kinachokatwa benki kila mwezi ni wastani wa mwaka waliokukadiria, kikipanda haina maana mwezi huo umetumia zaidi.

Haya turudi nyumbani.

DALILI: tukuza inaisha mbio

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote na ndilo nitakalokaa nalo. Usianze kununua taa mpya wala kumgombeza mtoto wa TV. Anza na mita. Ina taa ndogo nyekundu inapepesa, na karibu yake pameandikwa 1000 imp/kWh, au 1600, soma yako. Ikiwa ni 1000, kila ikipepesa umekula sehemu moja ya elfu ya uniti. Hesabu sekunde baina ya mpepeso na mpepeso, alafu gawanya 3600 kwa sekunde hizo, jibu ni wati nyumba inazotumia muda ule. Kwa mita ya 1600 gawanya 2250. Taa ikipepesa kila sekunde 36 kwenye mita ya 1000 unatumia wati 100, inaonekana kidogo, lakini wati 100 usiku na mchana kwa siku 30 ni uniti 72.

Sasa chomoa kila kitu, friji pia, zima taa zote, meini switchi iache imewashwa, rudi ukatazame. Taa ikitulia, nyumba ni nzima, tatizo ni vyombo. Ikiendelea kupepesa kuna kitu kinakula ambacho hukijui. Zima meini switchi tazama tena: ikitulia, ulaji uko ndani ya nyaya za nyumba, washa braka moja moja utaipata njia. Ikiwa meini switchi imezimwa na bado inapepesa, basi kuna kitu kimeungwa baina ya mita na meini switchi au mita yenyewe mbovu, na hapo usipeleke bisibisi, ile sili ya mita usiiguse, waite wenye mita.

Nyumba moja Fuoni nilikuta inapepesa kila sekunde 24, kila kitu kimechomolewa. Wati 150 hewani, uniti tatu na nusu kwa siku, zaidi ya 100 kwa mwezi. Tukazima braka moja moja, ya tatu taa ikanyamaza, njia ya taa ya geti. Waya umepita chini ya ardhi bila bomba, katikati umeungwa kwa selotepu, masika maji yameingia na umeme unanyweshwa mchanga. Mwenye nyumba alikuwa kesha kununua friji mpya akidhani ile ya zamani ndo mwizi. Na sio pesa tu, waya kama ule unaua mtu, mtoto akikanyaga pale na miguu mitupu siku ya mvua ni habari nyengine. Huku kwetu na chumvi ya baharini viungo vinaota kutu ya kijani haraka, hasa nyumba za karibu na pwani, na panya nao wanapenda kutafuna nyaya za darini. Nyumba ambayo haijakaguliwa miaka kumi ikaguliwe.

Nyaya zikiwa nzima, fata vyombo, na anza na vinavyotoa joto au baridi au vinavyosukuma maji. Taa za kisasa na chaja ya simu waachie.

Friji. Funga mlango ukibana noti ya elfu mbili kwenye mpira wake, alafu ivute. Ikitoka kama imewekwa mezani, mpira umekufa, baridi inatoka na mashine haipumziki. Jaribu pande zote nne, mara nyingi ni chini upande wa bawaba. Mpira mchafu tu wakati mwengine ukioshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni unashika tena. Barafu ikiwa imejenga unene wa kidole, izime iyeyuke yenyewe, na nakuombeni jamani msiibandue kwa kisu, nimeona friji ngapi zimetobolewa bomba la gesi kwa kisu cha kukatia mkate. Iache nafasi nyuma yake, isigande ukutani na isikae ubavuni mwa jiko. Na wale wa biashara ya malai na barafu, friza inafunguliwa kila dakika na watoto wa skuli, hio sio friji ya nyumbani tena, ni mfanyakazi, ihesabie mshahara wake. Soma mita jioni, lala na friza peke yake imewashwa, soma asubuhi, zidisha uone kwa siku ni uniti ngapi, alafu ulinganishe na pesa ya malai. Kuna bibi mmoja mtaani kwetu alifanya hesabu hio, akapandisha malai bei siku ile ile.

Friji za mtumba zinazokuja kwenye makontena nazo, bei inavutia lakini nyengine ni nzee zimetupwa huko kwa sababu hio hio ya kula umeme. Ukiinunua ipime usiku wa kwanza.

Hita ya kuogea, wati 1,500 mpaka 2,000 na zaidi, ikiachwa imewashwa kutwa inapasha, inapoa, inapasha tena hata kama hakuna anaeoga. Iwashwe nusu saa kabla ya kuoga, izimwe. Kwa joto la mwezi wa 1 na wa 2 Unguja, sijui hata nani anaihitaji. Pasi nayo ni ile ya kila asubuhi kanzu moja, sare mbili, inapashwa upya kila siku. Piga zote Alkhamisi usiku au siku moja ya wiki, na nguo nyepesi ziwe za mwisho, pasi umeshaizima na joto lake bado lipo.

Pampu ndiyo inayosahaulika. Tangi la juu likiwa na boya bovu pampu haijui kama limejaa, inasukuma, maji yanamwagika nyuma ya nyumba kwenye migomba ambako hakuna anaepita. Pampu ya nguvu ya farasi moja inakula kama uniti moja kwa saa, ukilala nayo saa sita ni uniti sita, migomba inanawiri na tukuza inalia. Boya ni bei ndogo sana ukilinganisha na hayo. Ukiona migomba yako mizuri kupita ya jirani, panda ukalitazame tangi.

AC, ukiweka nyuzi 18 mlango wazi hata Mungu akusamehe. Weka 25 na feni juu, safisha chujio kila mwezi, vumbi letu na chumvi vinaliziba haraka.

DALILI: pesa ile ile, uniti zimepungua

Chukua risiti mbili za mwezi mmoja, ya mwanzo na ya mwisho, gawanya pesa kwa uniti. Zikilingana basi bei haijabadilika, rudi kwenye sehemu ya juu. Zikitofautiana soma risiti mstari kwa mstari: deni linakatwa kidogo kidogo? Kuna ada ya mwezi imekatwa mara ya kwanza uliponunua? Kodi? Au tarif yako ina ngazi, uniti za mwanzo za mwezi rahisi na ukishavuka zinapanda. Bara wanaijua sana hio, tarif ya D1, ile ya wateja wadogo, wameweka mpaka uniti 75 kwa mwezi, ukipita hapo uniti inapanda mara kadhaa. Hii nayo ni bei inayobadilika, ila badala ya kufata saa inafata kiasi.

Na kwenye tarif ya ngazi makosa ni mawili. La kwanza, tarehe 29 mtu kapata pesa ananunua umeme wa mwezi ujao wote, anahesabiwa mwezi huu, keshavuka ngazi. Angesubiri siku mbili. La pili, familia mbili mita moja, kaka yuko juu na mama yuko chini, kila mmoja peke yake angebaki ngazi ya chini lakini pamoja wanavuka kila mwezi alafu wanagombana nani anakula umeme. Mita ya pili inagharimu, piga hesabu itajirudi baada ya miezi mingapi, na ugomvi nao una bei yake.

DALILI: jioni umeme mdogo, pampu inanguruma haisukumi, friji inazima na kuwaka

Hapa ndo saa inapokuja kutufaa huku kwetu. Bei haibadiliki lakini nguvu inabadilika. Baina ya magharibi na saa nne usiku kila nyumba imewasha, waya wa mtaa mrefu na nyumba zimeongezeka, anaekaa mwisho wa laini anapata mabaki. Mota ya pampu ikikosa volti inavuta ampea zaidi, inapata moto, na tangi ambalo asubuhi linajaa nusu saa jioni linakuchukua saa nzima. Kwa hiyo pampu iende alfajiri ukitoka kusali au saa nane mchana, pasi pia, na friji uifungie gadi ya kuilinda. Kama taa zinafifia kwako tu na kwa jirani ziko sawa, basi ni kiungo kibovu kwenye waya wako wa kuingilia, kitafute kabla hakijawaka moto. Zikififia mtaa mzima, ripotini wengi kwa pamoja.

Na umeme wetu karibu wote ujue unapita chini ya bahari, Unguja unatokea Ras Kiromoni upande wa Dar es Salaam kuja Fumba, waya wa kwanza wa 1980 na mwengine wa megawati 100 ukaongezwa 2013, Pemba unatokea Tanga tangu 2010. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu umeme umekatika, ya jenereta na mishumaa, hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu anaweka sola ndogo ya taa na feni hata kama tukuza inamtosha.

DALILI: nimenunua, mita inakataa namba

Hakiki namba ya mita kwenye risiti kwanza, mara nyingi umenunulia mita ya mtu mwengine. Alafu ingiza tena taratibu, ni tarakimu 20, tano tano husaidia. Kama nyumba ilikuwa imefungwa muda mrefu, mfano wenyewe wako Muscat au London na nyumba iko Wete, kuna sababu nyengine: mita za zamani za mfumo wa STS, ule wa mita za kulipia kabla unaotumika nchi nyingi duniani, zilitakiwa zibadilishwe ufunguo kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na isiyobadilishwa haipokei namba mpya. Hapo omba kwa shirika namba mbili za kubadilisha ufunguo kwa kutaja namba ya mita, nazo ni tarakimu 20 kila moja, unaingiza ya kwanza, unasubiri ikubali, unaingiza ya pili, ndo unatia ya umeme. Ya umeme ukiitia kabla ya hizo mbili inakataa.